Mfumo Amelala

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, lakini limehifadhiwa kwenye mfumo, na leo ninapoandika mfumo umelala. Ukiamka nitawatajia. Kwa sasa iiteni nchi tu. Sisi wenyewe tunaiita hivyo, na yenyewe haijawahi kulalamika.

Mimi ni seremala. Shule yangu iliishia pale mwalimu alipohamishwa na mwingine hakuletwa, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa hapa. Maneno makubwa yako wizarani, yamefungiwa kabatini, wanayatoa siku za sherehe wanayapangusa vumbi. Mimi nasema nilichokiona.

Mke wangu, Asinati, alishikwa na tumbo asubuhi moja, nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari wa upasuaji alikuwepo. Chumba kilikuwepo, na visu vilikuwepo, vimeshachemshwa. Dirishani tukaambiwa tukae, mfumo umelala. Bila mfumo mgonjwa hapati namba, na asiye na namba haumwi, ni mtu tu amekuja kukaa. Basi tukakaa, kwenye benchi la mbao mbichi lililopigiliwa na mtu mwenye haraka, mguu mmoja mfupi. Daktari akapita na kikombe cha chai, akatupa pole. Akapita tena, akatupa pole nyingine. Mtu muungwana sana yule, hakupita hata mara moja bila kutupa pole. Jioni Asinati akaniegemea begani, nikadhani amepata usingizi. Msichana wa dirishani naye akadhani hivyo hivyo, akaniambia nisihangaike, yeye na mfumo wote wamelala, wakiamka watahudumiwa pamoja.

Cheti cha kifo sikupewa. Nilielezwa kwa upole kwamba asiyelazwa hospitali hawezi kufia hospitali, na asiye na namba hajulikani kama alikuja. Mpaka leo, kwa hesabu za nchi, Asinati yuko benchini anasubiri.

Nikaanza kuuliza nani anahusika. Dirisha likasema si mimi, ni mfumo. Daktari akasema si yeye, ni mfumo, akanipa pole. Mganga mkuu akasema mfumo ni wa wizara. Wizarani wakasema mfumo ni mali ya wananchi. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mwananchi mwingine. Nilikuwa peke yangu.

Sikutaka fidia. Wala sikutaka mtu afungwe. Jela zetu nazo ziko kwenye mfumo, angeweza kuachiwa kabla hajaingia. Nilitaka mtu mmoja, mwenye jina na uso, avute kiti, akae mbele yangu, aseme: ni mimi. Basi. Kila wiki nilikwenda wizarani kumwulizia mtu huyo, na kila wiki waliniambia nije wiki ijayo.

*

Wakati huo binti yetu, Siwema, alikuwa ametoka kusomea sheria, na Wizara ya Teknolojia na Mambo Yasiyoonekana ikatangaza nafasi ya Karani wa Sheria za Teknolojia. Aliitwa kwenye usaili. Alikuta wazee wamekaa safu moja, wote wamemwelekea mwenyekiti wao, na mfukoni mwa shati la mwenyekiti mnawaka taa. Ilikuwa tochi ya simu yake. Ilijiwasha msibani wiki iliyopita na hakuna aliyejua inazimwa vipi. Walikwisha kuunda kamati.

Wakamwuliza Siwema kama anaweza kuizima. Akaizima. Wazee wakatazamana kama watu walioona mwezi ukishuka, na maswali yakaishia hapo.

Siku ya kuanza kazi aliapishwa kulinda nywila ya wizara. Ili wote waliokuwepo waweze kuilinda ipasavyo, nywila ilisomwa kwa sauti kwenye kipaza sauti, mara mbili, kwa ajili ya waliokaa nyuma. Ilikuwa «wizara».

Bosi wake, Mkurugenzi wa Sheria Bwana Magesa, alimpa kompyuta mpya iliyofungwa kwenye nailoni, akamwonya asiifungue kabla Mheshimiwa Waziri hajaizindua. Siwema akawa anaiweka mezani, juu yake anaweka karatasi, anaandika kwa kalamu. Bwana Magesa alimfundisha pia siri ya kazi yenyewe. Unachukua sheria ya zamani, ya kabla ya uhuru, iwe ya punda, ya mabomba au ya kunywa pombe hadharani, unaweka neno «kidijitali» mwishoni. Sheria ya Punda Kidijitali. Inakuwa sheria ya teknolojia. Mambo mengine yanajipanga.

Jambo la tatu alijifunza mwenyewe, kwa macho. Wizarani hakuna anayefika kazini, yanafika makoti. Bosi analeta koti asubuhi, anakivisha kiti, anakwenda zake. Ukimwulizia unaambiwa yupo, si unaona koti? Koti la Bwana Magesa lilikuwa halijakosa siku hata moja na lilikwisha kupewa tuzo ya mfanyakazi bora.

*

Nikasikia kwamba kazi ya kwanza ya Siwema ni kuandaa Muswada wa Mfumo. Siku hiyo nilinunua samaki, nikapika mwenyewe. Nikajua sasa jina litapatikana.

Siwema aliandika kifungu kimoja kilichonipendeza hata mimi nisiyejua vifungu: Mfumo ukilala, aliyekabidhiwa kuutunza atajibu. Nilimwomba anisomee tena, akanisomea. Kifungu kifupi, kimenyooka kama ubao uliopigwa randa.

Muswada ukapelekwa kwenye semina elekezi, hotelini, mahali penye ubaridi wa kusaidia fikra. Hapo aliongoza Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Tungaraza. Mnamfahamu, au mnamfahamu wa kwenu. Huyu wetu yuko kwenye bango kila njia panda, ameipakata kompyuta kama kichanga, amelegeza macho, na chini pameandikwa BABA WA MFUMO. Mfumo wenyewe ulifungwa na shemeji yake. Lakini shemeji hana sura ya bango.

Bwana Magesa akasoma kile kifungu. Mmoja akauliza, kwa nia njema tu, ni nani aliyekabidhiwa. Wakaangalia mafaili. Wakaangalia dari. Shemeji akaangalia sambusa. Mheshimiwa Waziri akafunga macho kwa muda mrefu, na waliomzunguka wakajua kwamba ama anafikiri au imekuwa saa yake ya kulala. Kisha akasimama. Siwema alikuwa pale anaandika kila neno, kwa hiyo hotuba hii ni yake Mheshimiwa, sijaongeza hata nukta.

«Ndugu wanasemina. Wananchi wetu, katika hekima yao, wanasemaje? Wanasema mfumo umelala. Nawauliza: meza inalala? Sufuria inalala? Kinacholala ni chenye uhai. Ndugu zangu, tumekuwa tukimwonea kiumbe. Tumemwita kwa herufi ya vitu wakati yeye ni mwenzetu. Kuanzia leo hatutasema mfumo umelala. Tutasema Mfumo amelala. Na kama ni mtu, basi ajibu mwenyewe.»

Walipiga makofi mpaka sambusa zikapoa. Herufi moja, na hakuna hata mmoja katika ukumbi ule aliyebaki na kosa.

*

Siwema alirudi nyumbani akaweka mkoba chini, hakukaa.

«Wamenipa kazi ya herufi, Baba,» akasema. «Kila penye u niweke a. Muswada mzima.»

«Na kile kifungu chetu?»

«Kinasomeka hivi sasa: Mfumo akilala, atajibu. Aliyekabidhiwa wamemfuta, ati mtu hakabidhiwi kwa mtu.»

Mimi si mtu wa sarufi, lakini ndoano ile niliiona. Kwenye u kulikuwa na mtu nyuma ya mfumo. Kwenye a hakuna mtu nyuma, mtu ndiye yule yule asiyekuwepo.

«Mama,» nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu akiwa mdogo, «hiyo herufi ndiyo mama yako.»

«Najua.»

«Basi kataa.»

«Nikikataa wataniondoa kesho, niko kwenye kipindi cha matazamio. Wataleta mwingine. Atabadilisha herufi hizo hizo, tena akipiga mluzi, kwa sababu hamjui Asinati.» Akachukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. «Mimi angalau nikifika hapo mkono unasita.»

Nilimwambia mkono unaosita na usiosita yote huandika a. Ni neno baya kumwambia mwanao, lakini nililisema, na chakula kililala.

*

Sheria ikapita. Bungeni waliosema ndiyo walisema ndiyo, na waliokuwa wamelala walihesabiwa kuwa upande wa Mfumo.

Profesa wa lugha akaletwa redioni kufafanua. Akasema Mfumo amehamishwa ngeli kama mtumishi anavyohamishwa kituo: ametoka kwenye ngeli ya mikeka na mifagio, amepandishwa hadi ngeli ya watu. Akasema ni fahari kwa taifa. Alisahau kusema kwamba wengi wetu bado tuko kwenye foleni ya ngeli hiyo.

Mfumo akapewa ofisi yenye zulia, na kiti, na juu ya kiti koti la kijivu lenye kalamu mfukoni. Wageni walipeleka mikono kwenye mkono wa koti. Bi Sikudhani, muuza vitumbua wa mtaani kwetu, alikamatwa kwa kusema mbele ya askari kwamba mfumo umekufa. Akawekwa mahabusu akariri kitenzi kwa nafsi zote: nimekufa, umekufa, amekufa. Alipofika kwenye wamekufa, wakamwona ameanza siasa, wakamrudisha mwanzo.

Mimi nikaitwa. Wizara ilikuwa inatafuta lalamiko la kuonyeshea kwamba sheria inafanya kazi, na langu ndilo lililokuwa limekomaa kuliko yote. Baraza la Malalamiko litakaa, mlalamikaji ni mimi, mlalamikiwa ni Mfumo. Bwana Magesa aliniambia kwa furaha kwamba atapatikana na hatia, kila kitu kimeshapangwa, na adhabu yake ni kulala ndani kwa muda wote atakaopenda.

*

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Waziri alikaa mbele, amekuja kushuhudia haki. Siwema alikuwa karani wa shauri, amekaa mbele ya meza kuu na karatasi zake, haniangalii. Tangu siku ile ya herufi tulikuwa tunaamkiana tu.

Askari wawili wakamleta mlalamikiwa. Wakamtundika kitini. Mwenyekiti wa Baraza, mzee mmoja mwenye miwani minene, akamwuliza kama anaelewa lalamiko. Koti likanyamaza. Ikaandikwa kwamba ameelewa.

Sasa kule kwetu shauri lolote haliendi bila maelezo binafsi. Hata ushitakiwe kwa kuiba ndizi, lazima isomwe jina, umri, dini na kazi. Mwenyekiti akamwashiria karani. Siwema akasimama akasoma kwa sauti ile ile anayosomea orodha ya sokoni.

«Jina, Mfumo. Dini, hajasema. Kazi, mtumishi wa umma. Umri, miaka mitatu.»

Mwenyekiti akavua miwani. «Rudia hapo kwenye umri.»

«Mitatu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Alizinduliwa mwaka wa uchaguzi.»

«Kumbe ni mtoto.»

«Ni mtu, Mheshimiwa. Sheria haikusema mtu mzima.»

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akafungua kitabu, akakifunga, akatamka kwamba mtoto mdogo hawezi kujibu mbele ya baraza. Anayejibu ni mzazi wake. Je, mzazi wa mtoto huyu anajulikana?

Hapo Bi Sikudhani, aliyekuja moja kwa moja kutoka mahabusu, akasema kutoka nyuma, bila hata kusimama: «Baba yake si huyo hapo nje, amempakata?»

Ukumbi mzima ukageukia dirishani. Ng'ambo ya barabara, bango. Kisha ukageukia safu ya mbele. Nami nikageuka, na wallahi, nilimwona mtu. Ana jina, ana uso, amekaa hatua chache kutoka kwangu. Alichotakiwa ni maneno mawili tu.

Mheshimiwa Dokta Tungaraza akasimama, akafunga kifungo cha koti lake.

«Mtoto si wangu,» akasema.

Alieleza kwa utulivu kwamba picha ile alipigwa akiwa amemshika tu, na kumshika mtoto wa watu si kumzaa. Yeye ni kiongozi, anashika watoto wa watu kila siku ya kampeni. Akaulizwa shemeji. Shemeji akasema yeye alikuwa mkunga. Bwana Magesa hakuulizwa, lilikuwepo koti lake. Kabla kikao hakijaisha mafundi walikuwa juu ya ngazi huko nje wanabandua BABA kwenye bango, pamebaki WA MFUMO.

Basi Mfumo akatangazwa yatima. Watu wengine walitokwa na machozi; nchi yetu ina huruma sana na asiyekuwepo. Yatima anahitaji mlezi, na mlezi, kwa mujibu wa sheria ya watoto, ni mtu wa karibu anayemjali. Mwenyekiti akauliza nani amekuwa akimfuatilia mtoto huyu. Hapo Bwana Magesa akatokea, sijui alitokea wapi, akasema yupo mmoja. Kila wiki anakuja kumwulizia. Mvua, jua, anakuja. Wapo wazazi hawawaulizii watoto wao hivyo.

Akaninyooshea kidole.

Nilimwona Siwema ameacha kuandika. Alitega kwa ajili ya baba mmoja, mtego umefyatuka umemnasa baba mwingine. Alitaka kusema kitu, nikamtikisia kichwa. Akakaa.

Ikaandikwa kwamba mimi ni mlezi halali wa Mfumo. Halafu, kwa sababu shauri lilikuwa bado liko mezani, Mwenyekiti akaendelea nalo. Akaniuliza mlalamikaji yupo? Nikasema yupo. Akaniuliza anayejibu kwa niaba ya mtoto yupo? Nikasema huyo huyo. Akauliza ni nani anahusika na kifo cha Asinati, aliyefia benchini akisubiri namba.

Niliwaangalia. Waziri alikuwa anasoma simu. Mganga mkuu alikuwa anapangusa kiatu. Daktari alikuwepo pia, akanipa pole kwa macho. Nikaona kwamba nikingoja mmoja wao aseme, tutazeeka mle ndani.

«Ni mimi,» nikasema.

Walipiga makofi. Nilitafuta maneno yale kwa muda wote ule, hatimaye nimeyasikia, kwa sauti yangu. Wakanikabidhi koti nikaondoka nalo begani.

*

Nilijua wamemaliza. Wao pia walijua.

Lakini mchana mmoja akaja karakanani kwangu mtu anaitwa Kassiani, anahema. Mkewe yuko hospitali, tumbo, na dirishani wamemwambia Mfumo amelala, ukitaka kulalamika mlezi wake ni yule seremala. Alikuja kunitukana. Nilimwona kwenye macho matusi yamejaa, na nilimwelewa.

Niliweka randa chini. Nikavaa koti, lilinipwaya, tukaenda.

Msichana alikuwa yule yule, na daktari naye alikuwepo na kikombe chake. Mke wa Kassiani alikuwa kwenye benchi lile lile, ameliegemea upande wa mguu mfupi. Nikasema mimi ndiye mlezi wa Mfumo na huyu mama aingizwe ndani sasa hivi.

Msichana akasema hana namba.

«Aingie bila namba.»

«Na likitokea la kutokea, nani atajibu?»

«Ni mimi.»

Akamwangalia daktari. Daktari akaniangalia mimi, akaangalia koti, akaangalia kikombe. Kisha akaweka kikombe chini. Sikuwahi kumwona bila kikombe, kumbe ana mikono miwili. Akasukuma mlango. Mlango haukuwa hata na kufuli, wala haukuunganishwa na waya wowote. Yule mama akaingizwa, akapasuliwa, akapona. Sasa hivi yuko kwake, nasikia anamgombeza Kassiani kama kawaida.

Mimi nilibaki benchini. Maneno mawili yale. Siku ya Asinati dirisha lilikuwa nayo, daktari alikuwa nayo mdomoni pamoja na chai, mganga mkuu alikuwa nayo, wizara nzima ilikuwa nayo, na wote wakayameza.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kuja karakanani, nami nikaanza kuvaa koti kila siku. Wizarani wakashtuka. Wakaona mambo yanakwenda, na mambo yakienda bila wao watu wataanza kuuliza maswali. Mheshimiwa Waziri akaagiza muswada wa haraka: ni marufuku mwananchi kusema «ni mimi» bila kibali, na koti lirudishwe. Kazi ya kuuandika akapewa Karani wa Sheria za Teknolojia, ambaye sasa kompyuta yake imezinduliwa na nailoni imetolewa.

Wiki zikapita, muswada hauonekani. Bwana Magesa alikuwa akiuliza kila siku, na kila siku Siwema alimjibu kwamba Mfumo amelala. Bosi hakuwa na la kumfanya. Ndiyo sheria, kumwamsha ni kosa.

Jana alikuja kula nami. Nilikuwa nimepika samaki. Nikamwuliza, kweli amelala muda wote huo?

Siwema akajimwagia mchuzi kwenye wali, taratibu, kama mama yake.

«Nimemlaza, Baba,» akasema. «Ni mimi.»